Kigae, Sisimizi na Maziwa ya Dada Yangu

Kigae kilikuwa cheupe, chenye vijishimo kumi na viwili. Asubuhi za kiangazi, mwanga ulipoingia kwa dirisha la mashariki, kila kijishimo kilishika kivuli chembamba upande mmoja, kama mwezi mchanga, na kwa muda mfupi nilikuwa na miezi kumi na miwili mezani kwangu. Kisha jua lilipanda, vumbi la mgodi likapita mbele yake, na miezi ikafutika. Hapo ndipo nilipoanza kazi.

Nikifumba macho sasa, kitu cha kwanza kunijia ni kigae hicho, kabla ya sura ya mtu yeyote. Nakiona kimelowa, nahisi baridi yake vidoleni. Unatia tone la maji ya damu, yale ya manjano yanayobaki juu damu ikitulia. Juu yake unatia tone la chembe nyekundu zilizooshwa kwa maji ya chumvi. Unachanganya kwa kijiti cha kioo, kisha unainamisha kigae huku na huku, polepole, kama mtu anayebembeleza. Halafu unangoja. Mara nyingine wekundu unabaki laini, unateleza kama uji mwepesi. Mara nyingine unaanza kukatika. Kwanza ni kama mchanga mwembamba, kisha chembe zinatafutana, zinashikana, na maji kati yake yanabaki safi. Niliona jambo hilo kila siku ya kazi na sikulizoea. Kila mara ilikuwa kama kusikia watu wanaongea chumba cha pili kwa lugha nisiyoijua.

Nilikuwa msaidizi wa labo, yaani maabara, katika hospitali ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi, miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Shule yangu iliishia kwa mapadri, darasa ambalo wengine walianzia. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, kwa daftari lenye mistari na kwa kurasa za majarida ya tiba ambazo daktari alizitupa kapuni. Kurasa hizo zilikuwa na kazi yake: nilizikata vipande nikafungia mirija ya pipeti na sindano kabla ya kuzitia tanurini kuua vijidudu. Nilizisoma kwanza, ndipo nikazikata. Siku za kazi nyingi nilizikata kwanza.

Ninaandika haya kwa sababu siku moja, uani, nilisema sentensi moja, na kwa sentensi hiyo mtoto wa dada yangu alikaribia kufa.

Dada yangu alikuwa mkubwa kwangu, nami nilimwita yaya, kama huku tunavyowaita wakubwa wetu. Wazazi wetu waliletwa kutoka Kasai kwa garimoshi kufanya kazi mgodini, na wote wawili walikuwa wamekwisha fariki. Yaya aliolewa na mwanamume wa kwetu, dereva wa garimoshi dogo la kubeba mawe huko Mutoshi, nami nililala chumba cha nyuma katika nyumba yao ya matofali, nyumba iliyofanana na mia nyingine. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, mama mkwe wake alisafiri kutoka Kasai na kikapu cha viwavi wakavu na mbegu za maboga. Sote tulimwita mamu, maana yake mama. Alikuwa mfupi, mkavu, na alitembea kama mtu anayeogopa kuamsha sakafu.

Kila alfajiri, kabla king'ora cha mgodi hakijalia, mamu alilowesha kidole gumba kwa mate yake na kukiweka juu ya utosi wa mtoto, pale panapopwita. Alisema maneno machache ya Kiluba, kisha akamrudisha kwa mama yake. Nilikuwa nikisikia maneno hayo usingizini. Hadi leo sijui kama yote niliyasikia au mengine niliyaota. Ilikuwa baraka, ya kumpa mtoto pumzi ya wakubwa.

Mtoto alizaliwa vizuri, ila siku ya pili macho yake yaligeuka manjano. Daktari alimtazama, akasema aachwe karibu na dirisha, itapita. Ikapita. Lakini majuma mawili baadaye alikuwa bado mwembamba, na Jumanne, siku ya kupima watoto, mshale wa mizani ulisimama karibu na pale uliposimama Jumanne iliyotangulia. Mtawa wa Kizungu aliyesimamia mizani alisema wengine huanza polepole. Yaya hakulala kwa neno hilo.

Kesho yake nilimkuta mamu amechuchumaa uani mbele ya kipande cha sahani iliyovunjika, yaya amesimama kando yake na mtoto. Juu yake palikuwa na tone la maziwa.

"Mamu, unafanya nini na maziba ya yaya?"

"Ninauliza."

"Unamuuliza nani?"

"Huyu." Alikuwa ameshika sisimizi kwenye ncha ya jani. "Kama maziba iko mubaya, kanakufa mule ndani. Kama iko muzuri, kanatoka."

Alimtikisa sisimizi akaanguka katikati ya tone. Nilicheka. "Na kale kadudu kalisoma wapi?"

"Weye njo ulisoma. Unajua ile maziba iko namna gani?"

"Bado."

"Basi wacha mwenye kujua."

Sisimizi alipiga miguu, akageuka, akakokota tumbo lake hadi ukingoni. Alisimama, akajipangusa kichwa kwa miguu ya mbele, akaenda zake. Mamu aliinuka taratibu, akimshikilia yaya mkono kama aliyepewa habari njema na mgeni wa heshima. "Iko muzuri," alisema. "Mutoto anyonye tu." Yaya alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hizo. Mimi niliingia ndani nikiwa na jambo kichwani.

Jambo hilo lilitoka kapuni. Daktari aliponifundisha kutambua aina za damu, alikuwa ameniambia kwamba tofauti kati ya damu moja na nyingine ni sukari tu, sukari iliyoshikamana na ngozi ya kila chembe. Mwenye damu ya O hana sukari ile ya A, na mwili wake unaikataa hata kama hajawahi kuonja damu ya mtu mwingine. Nani aliufundisha kukataa? Daktari aliinua mabega. Nilibaki na swali hilo kama mtu aliyebaki na ufunguo wa nyumba asiyoijua. Usiku niliota vibonge vya sukari vikitembea mtoni Lualaba, vyekundu, vikitafuta ukingo. Kisha, kwenye ukurasa mmoja uliochanika, nilisoma kwamba vitu hivyo vinavyokataa havikai katika damu peke yake. Vimo pia katika mate, katika machozi, na hasa katika maziwa ya mama. Sentensi iliyofuata ilianza, *Kwa mtoto anayenyonya*, na hapo karatasi iliisha. Nusu ya pili niliikata mwenyewe siku ya kazi nyingi. Ilikwisha kuungua rangi ya kahawa tanurini, ikiwa imefunga sindano.

Nilimwomba yaya maziwa kidogo katika chupa ya dawa. Damu ya mtoto nilikuwa nayo: asubuhi ile walimchoma kisigino kwa kipimo cha malaria, nami nilihifadhi matone mawili. Yaya alikuwa O, kama mimi. Mtoto alikuwa A, kama baba yake. Niliyazungusha maziwa kwenye mashine ya mkono hadi mafuta yakapanda juu, nikachukua maji ya katikati, meupe ya kijivu. Tone moja. Chembe za mtoto, tone moja. Nikainamisha kigae.

Wekundu ulikatika mara moja. Vidonge vilikusanyika kama mchanga wa shaba kwenye sinia la kuoshea madini.

Nilirudi nyumbani jioni, kabla giza halijaingia, nikitembea haraka. Juu ya vilima vya mgodi palikuwa na yale maua ya zambarau yanayoota penye shaba tu, na nakumbuka nilifikiri kwamba dunia yote imeandikwa na mimi nimeanza kuisoma. Yaya alikuwa uani ananyonyesha. Mamu alikuwa anapepeta unga wa muhogo.

"Yaya, nimepima maziba yako," nilisema. "Inashikanisha damu ya mutoto. Inaifanya bidonge-bidonge. Niliona na macho yangu."

Ungo ulisimama. "Sema tena," mamu aliniambia.

Nilisema tena.

"Kadudu kalitoka," alisema kwa sauti ndogo. "Mi niliona kanatoka."

"Kadudu hakana damu, mamu."

Nilikuwa na hakika kwamba hilo lilikuwa jibu zuri. Yaya alimtoa mtoto titini kwa kidole, polepole, kama unavyomnyang'anya mtu kitu bila kumwamsha. Mtoto alibaki na mdomo wazi, na tone jeupe kwenye mdomo wa chini. "Sasa nifanye nini, mudogo wangu?" aliniuliza. Sikuwa nimefika huko. Nilisema la kwanza lililonijia: labda apumzike kwanza na maziwa ya kopo.

Shemeji alirudi kutoka Mutoshi, uso wake una vumbi la kijani, akasikiliza akiwa bado amevaa viatu. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Kama labo inasema, basi," alisema, akainama kuvifungua.

Mamu alimfunga yaya kifua kwa kitambaa ili maziwa yakauke, akakaza. Na hapo likaanza lile ambalo hadi sasa linanirudia: kila mtoto alipolia, hata wa jirani, mbele ya kitambaa palitokea madoa mawili yenye maji, yakapanuka. Yaya alikuwa anatazama pembeni.

Maziwa ya unga yalitolewa hospitalini kwa watoto wasio na mama. Mtawa aliniuliza ya nani. Nilisema mama amepungukiwa. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini. Tulichemsha maji, tulichemsha chupa, na bado siku ya tatu mtoto alianza kuharisha. Siku ya tano sauti yake ikawa nyembamba. Siku ya sita, alfajiri, sikusikia maneno ya Kiluba. Nilitoka nikamkuta mamu ameketi na mtoto mapajani, gumba likiwa utosini.

"Kidole changu kinaingia," alisema. "Kinaingia, mwanangu. Kabla hakikuwa kinaingia."

Nilimbeba mtoto hadi hospitali. Walimpa maji ya chumvi kwa sindano chini ya ngozi, na daktari akauliza kwa Kifaransa kwa nini mama hanyonyeshi. Nilijibu kwamba maziwa yamekwisha. Ulikuwa uongo wa pili. Niliogopa kusema kwamba nilitumia labo yake bila ruhusa, na niliogopa zaidi kwamba angeniambia nimekosea mbele ya yaya. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Yaya alipanga foleni kwenye baraza la mizani, nami nilipita na sinia la vioo vya malaria. Mbele yake alikuwa mwanamke Mwislamu wa Maniema, ambaye mumewe alibebea kampuni kuni kwa lori lake na kuuza nguo Manika, mtaa ulio mbali na kambi. Binti yake alikuwa mtoto mnene kuliko wote kwenye baraza. Mikono yake ilikuwa na mikunjo mitatu. Mama huyo aligeuka.

"Huyu mutoto analia kama paka ya jirani. Mulimunyima nini?"

"Maziba yangu iko mubaya," yaya alisema.

"Nani alisema?"

"Labo."

"Labo ilinyonya?"

Baraza zima likacheka, hata mtawa ambaye hakuelewa. Mwanamke yule hakungoja. Alimkabidhi jirani binti yake, akamchukua mtoto wa yaya, akafungua nguo. Mtoto alihangaika kidogo, akashika. Kicheko kilizimika chenyewe. Tulisikia akimeza. Nilisimama na sinia langu, na baraza, mizani, jua kwenye sakafu, vyote vilikuwa kama vimezama majini, mbali, na sauti moja tu iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya kumeza.

"Bismillahi, kunywa," mwanamke yule alisema. Kisha akamwambia yaya, "Lakini sikia, mama. Kesho usije ukanambia kijana wako anamutaka binti yangu. Kama nitamunyonyesha, hawa ni ndugu. Hakuna kuoana tena."

Mtoto alilala. Mchana hakuharisha. Jioni mwanamke yule alipita tena kabla ya kurudi Manika akamnyonyesha mara ya pili, na mtoto akalala usiku.

Kesho yake alipokuja nilimfuata nikamwomba maziwa kidogo. Alinitazama kutoka viatuni hadi nywele.

"Weye njo labo?"

"Ni mimi."

"Bwana yangu akisikia kijana anaomba maziwa yangu kwa chupa, atakukata masikio. Yote mawili." Lakini alinipa, akicheka, akiwa amenigeuzia mgongo.

Niliyapima kwa chembe za mtoto wa yaya. Vidonge vilikuwa vikubwa kuliko vya yaya. Niliosha kigae, nikarudia. Vikawa vile vile. Niliketi kwenye kiti kirefu. Nje lori lilipita, chupa zote zikalia kidogo rafuni, kisha zikanyamaza. Nilitema mate yangu kwenye kichupa, nikayazungusha, nikatia tone. Yalikuwa dhaifu kuliko maziwa, lakini wekundu ulikatika.

Basi mdomo wangu nao ulikuwa unakataa damu ya mtoto niliyemfundisha mjomba wake ni nani kwa kumbusu.

Nilielewa polepole, kama mtu anayeamka. Nilikuwa nimepima maziwa ya mama mmoja, wa mtoto mmoja dhaifu, nikaona kitu, nikakiita sababu. Sikupima maziwa ya mama mwenye mtoto mnene. Fundi wa kupima chumvi kwenye kiwanda cha shaba asingefanya kosa hilo siku yake ya kwanza. Siku mbili zilizofuata niliomba maziwa kwa kila mama aliyekubali barazani. Mengine yalishikanisha, mengine hayakushikanisha, na mizani haikujali. Niliandika yote daftarini, mstari kwa mstari.

Jumamosi nilimwambia mamu kwamba nilikosea. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua macho.

"Juma ile ingine labo ilisema mubaya. Leo inasema muzuri. Juma inakuja itasema nini?"

"Mamu, nilipima mubaya."

"Na sasa ulipima muzuri. Nani alikuambia?" Alitupa shina la sombe pembeni. "Mi niliacha kadudu yangu kwa ajili yako, munganga wa chupa. Siachi mara ya pili."

Na mwanamke wa Maniema hakuweza kuja kila saa. Manika ilikuwa mbali na alikuwa na mtoto wake. Katikati ya ziara zake mtoto alirudi kwenye chupa, na kuhara kulirudi pamoja nayo. Kifua cha yaya kilikuwa kinalainika. Alisema madoa kwenye kitambaa yamekuwa madogo. Alisema hivyo akiwa anaangalia sufuria.

Jumapili baada ya misa niliwapeleka labo: mamu, yaya, na mtoto. Nilikuwa na ufunguo kwa ajili ya kujaza maji kwenye vichujio. Mwanga ulikuwa wa mchana, mweupe, na harufu ya spiriti ilimfanya mamu ashike pua kwa ncha ya kitenge. Nilimchoma mtoto kisigino mbele yake. Nilitia tone la damu, lililolegezwa kwa maji ya chumvi, katika vijishimo vinne. Cha kwanza nilitia maji matupu. Cha pili, maziwa ya yaya, tuliyoyakamua kwa shida. Cha tatu, maziwa ya mwanamke wa Maniema, aliyoyaacha asubuhi. Cha nne, mate yangu.

Nikainamisha kigae, huku na huku. Mamu alileta uso karibu hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye ukingo.

"Hii ya kwanza inalala," alisema.

"Ni maji tu."

"Hii inakatika." Alisogeza kidole hadi kijishimo cha tatu. "Hii inakatika zaidi. Ni ya nani?"

"Ya mama ya Manika."

"Ile anakunywa na analala?"

"Ile ile."

Aliinuka, akaenda dirishani. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Na mate yangu?"

Sikuwa nimepanga hilo. Nilimpa kichupa. Alitema taratibu, kwa heshima, kama anavyofanya alfajiri, nami nikazungusha mashine huku yaya akihesabu kwa sababu mkono wangu ulipoteza hesabu. Tone moja katika kijishimo cha tano. Tulingoja sote watatu tumeinama, vichwa vinakaribia kugusana. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha, kidogo sana, kama masizi ya taa, wekundu ukaanza kukatika.

Mamu alikaa kwenye kiti kirefu. Miguu yake haikufika chini.

"Kila siku," alisema. "Kila siku kabla ya king'ora, ninamutia hii kwa utosi. Niko ninamuua?"

Yaya alinitazama. "Hapana, mamu," nilisema. "Kama ingekuwa ya kuua, sisi wote tungekufa kwa midomo ya mama zetu."

Aliweka gumba lake juu ya goti akaliangalia kama kitu cha mtu mwingine.

"Mate yangu iko baraka," alisema mwisho, si kwangu. "Hiyo ninajua. Kama mate yangu inafanya vile, na iko baraka, basi maziba ikifanya vile, juu ya nini iwe mubaya?" Alishuka kitini. "Lete hapa kifua."

Alifungua kitambaa mwenyewe, fundo kwa fundo, pale labo, mbele ya rafu za chupa. Fundo la mwisho lilikuwa limekauka kwa maziwa, akalilegeza kwa meno. Mtoto aliwekwa. Alinyonya, akaacha, akalia kwa hasira, akanyonya tena. Hapakuwa na kitu, au kilikuwa kidogo mno. Mamu alisema kidogo kinaita kingine, aendelee. Niliosha kigae ili nisiwatazame.

Ilichukua siku tano. Mwanamke wa Maniema alikuja kila alipoweza, na alipokuja alimkemea yaya kwa kunywa chai badala ya uji wa ulezi. Jumatatu nilimwambia daktari yote. Alisoma daftari langu lote akiwa amesimama, akageuza ukurasa wa mwisho kuona kama kuna kingine, akaniambia kwamba kuanzia sasa nitaomba ruhusa. Kisha akaniuliza mtoto yuko vipi. Ukurasa uliochanika hakuukumbuka. Miaka mingi baadaye nilisoma mwenyewe nusu ile, katika kitabu kingine: kwamba vitu hivyo vya katika maziwa havipiti kuingia damu ya mtoto, hubaki mdomoni na tumboni, juu ya ngozi ya ndani, kama walinzi wa mlango; na kwamba vijidudu vya tumboni huvaa sukari zinazofanana na zile za damu, ndiyo maana mwili unazijua bila kufundishwa na damu ya mtu. Yale macho ya manjano ya siku ya pili huenda yalitoka kwenye damu ya mama yake, kabla hajazaliwa, na yalikuwa yamekwisha pita. Nilisoma hayo nikiwa nimekaa peke yangu, na nilichokisikia kwenye karatasi ni mtoto akimeza.

Ijumaa, niliporudi kutoka kazini, mamu aliniita uani. Kipande cha sahani kilikuwa chini. Juu yake tone la maziwa ya yaya, nene, la bluu kidogo pembeni. Yaya alikuwa ameketi mlangoni, mtoto titini, na upande wa pili wa nguo yake palikuwa na doa kubwa la maji ambalo hakujisumbua kulifunika.

"Chuchumaa," mamu alisema.

Nilichuchumaa. Alimtikisa sisimizi kutoka kwenye jani.

"Toa ile daftari yako."

Niliitoa, na kalamu. Sisimizi alipiga miguu, akageuka. Upepo ulileta vumbi la mgodi, mamu akakinga sahani kwa viganja viwili. Tulingoja, vichwa vyetu karibu, kama labo. Nilisikia nyuma yangu mtoto anameza, anapumua, anameza. Sisimizi alifika ukingoni, akasimama, akajipangusa.

"Kanatoka," mamu alisema. "Andika."

Nikaandika.